Nani Atamsomea Nanyama

Chai ilikuwa imeshamiminwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na fomu ya Nanyama imeshajazwa yote isipokuwa pale pa muhuri. Wangeci, aliyetumwa na ofisi yake mjini Eldoret kuwapima watoto wanaopata shida kujifunza, aliisoma akaiweka kando. Mtoto alikuwa amekwisha kuhukumiwa: hawezi, aondolewe gredi ya sita kabla ya mtihani.

"Madam, wewe piga stamp tu," alisema Lusweti, mwalimu mkuu. "Huyo atatuangushia mean score, wastani wa shule nzima."

"Sijamwona."

"Kila mwaka tunafanya hivi."

"Na chai yenu ni tamu. Mwiteni."

Nanyama aliingia, miaka kumi na mitatu, sweta imetoboka viwikoni. Wangeci alimpa kifungu asome. Mtoto alihangaika na mstari wa kwanza mpaka jasho likamtoka, kisha akakirudisha mezani. Lusweti alikohoa, kikohozi cha mtu aliyeshinda. Ni kweli, kusoma kulikuwa kumemshinda mtoto, na Wangeci hakuwa na haja ya kujidanganya. Akakichukua kifungu, akamsomea mwenyewe: mkulima alipanda mahindi Desemba, yakakauka.

"Kwa nini yalikauka?"

"Alikosea mwezi," Nanyama alijibu bila kusita. "Sisi huku Soy tunapanda Machi ikiisha, mvua ikishashika. Desemba ni ya kukausha yale tumevuna. Kwani hakuuliza majirani?"

Lusweti alifungua mwongozo wa majibu. "Hapa wanasema mvua haikunyesha. Amekosa."

Wangeci alicheka, lakini si kwa furaha. Mtu mzima, mwenye shamba hapo hapo Soy, anamwambia mtoto amekosa katika jambo ambalo yeye mwenyewe analijua fika.

"Mwalimu, wewe hupanda lini?"

Lusweti alitoa simu mfukoni. "Nitapigia bosi wako."

"Mpigie. Weka loudspeaker, Nanyama amweleze hiyo ya Desemba."

Lusweti aliiweka simu mezani bila kupiga. Wangeci alichukua fomu mpya, akaandika kwa herufi kubwa: abaki gredi ya sita, aongezewe muda, asomewe maswali. Palikuwa na nafasi ya jina la msomaji katika mitihani ya shule. Akaandika Lusweti, akapiga muhuri kwa kishindo hata vikombe vikatikisika.

"Mnaanza na jaribio la kesho," alisema, akimsukumia fomu.

Nanyama alimgeukia mwalimu mkuu, akamtazama usoni.

"Mwalimu, ukinisomea, usikimbie."