Tone la Iodini kwenye Kababu

Nianze na ukweli, maana nimeuchelewesha vya kutosha: kababu zangu zilikuwa mkate. Nyama ilikuwemo, ya kutia harufu tu. Mwanzoni nilichanganya konzi moja ya mkate uliovunjwavunjwa ili zishikane. Wateja wakausifu ulaini wake. Nyama ilipopanda bei nikaongeza konzi ya pili, mkono ukazoea, na mimi nikajiona fundi.

Mambo yangeishia kibandani kwangu kama si wifi yangu. Alipasuliwa mguu, kidonda kikagoma kufunga, akahamia kwetu nimuuguze. Nesi alimwambia ale protini kwa wingi, ndiyo inayojenga nyama mpya. Wanga ungempa nguvu za kutembea, lakini kidonda hakifungwi na wanga.

"Basi mimi nina bahati," wifi akaniambia. "Nakaa na muuza nyama."

Nikacheka naye. Kila siku nilimwekea kababu nne. Kumpikia za nyama tupu niliogopa, maana angeonja tofauti na kuniuliza. Hivyo ndivyo nilivyojitetea kwa wiki saba, huku nikimfunga bandeji kwa mikono hii hii.

Jumamosi moja mchana binti yangu, aliye kidato cha pili, alirudi na kichupa cha iodini alichoazimwa na mwalimu wa sayansi. Tulikuwa mezani, wifi kaweka mguu juu ya stuli.

"Shangazi, tazama." Akadondosha tone kwenye kiazi cha kuchemsha. Pakageuka bluu iliyokaribia weusi. "Huo ni wanga." Akadondosha jingine kwenye ute mweupe wa yai. Rangi ikabaki ya kahawia vile vile. "Hapa hamna wanga. Yai ni protini."

"Weka na kwenye nyama yangu," wifi akasema, akasogeza sahani.

"Acheni kuchezea chakula!" nikafoka, nikinyoosha mkono kuivuta sahani.

Nilikuwa nimechelewa. Kababu iligeuka nyeusi kuliko kiazi.

Binti aliniangalia. Huniona nikikanda kila alfajiri, hakuhitaji kuelezwa. Akakifunga kichupa haraka.

"Hii iodini imeharibika, shangazi. Ni ya zamani."

Sikupata pa kuuweka uso. Mtoto niliyemgombeza tangu mdogo asiseme uongo, leo alikuwa anasema uongo kwa ajili yangu.

"Iodini ni nzima," nikasema. "Ni mkate, wifi. Siku zote ulikuwa mkate. Nisamehe."

Wifi hakunitukana. Laiti angenitukana! Alivuta gauni taratibu, akaifunika bandeji.

"Wiki iliyopita nesi alinisema mbele ya wagonjwa," akasema. "Eti namdanganya, nyama sili. Nikamwapia Mungu kwamba wifi yangu hawezi kuninyima."