Nyuma ya Mlango

Mlango wa baba yake ulikuwa umekazwa ukutani kwa skrubu nane, na kila asubuhi kabla ya saa mbili yeye ndiye aliyeupangusa. Alianza juu, kwenye maua, akashuka nao mpaka chini, akiingiza ncha ya kitambaa katika kila kijishimo kilichoachwa na patasi. Kibao kilichobandikwa kando kilisema: "Mlango wa zamani wa mjini. Fundi: hajulikani." Nacho alikipangusa. Mwaka wa tano huu, na pale makumbusho wote walimwita Mama Dasta.

Leo mfukoni mwa aproni mlikuwa na ilani ya idara ya ardhi: nyumba za mtaa wao, zote zinazotazama bahari, zinavunjwa ili barabara ya ufukweni ipanuliwe. Mwenye kuthibitisha kwamba alijenga kabla ya mipaka kuchorwa, nyumba yake itaachwa. Asiye na uthibitisho ni mvamizi. Mwisho leo, saa sita mchana.

Hati ya nyumba ilioza zamani, mwaka ambao maji yaliingia mpaka chumbani. Kilichobaki ni mlango wa nyumba hiyo, aliouchonga baba yake kabla haujachukuliwa na makumbusho. Mafundi wa enzi za baba yake mbele walimchongea mpita njia, nyuma wakajiandikia wenyewe: jina na mwaka nyumba ilipomalizika. Utotoni alijifunza kusoma kwa kufuatisha herufi zile kwa kidole.

Mzee hakuambiwa habari za ilani. Presha yake ilikuwa ya kupanda kwa neno moja tu. "Tunakwenda kuuona mlango wako, baba," alimwambia alfajiri, na mzee akavaa shati lake la harusi na misiba. Sasa alikaa kwenye benchi la ukumbini, fimbo kati ya magoti, akitabasamu.

Afisa ardhi alishuka ngazi na kikombe chake cha chai. Ofisi yake ilikuwa juu ya makumbusho. Jengo moja, halmashauri moja, muhuri mmoja.

"Mama Dasta, ndio huo ushahidi wako?"

"Ndio, bosi. Uko nyuma."

"Nyuma unaonwa na nani?"

"Ukigeuzwa utaonekana."

"Ugeuzwe?" Mkuu wa makumbusho alisogea haraka. "Hii ni mali ya jiji. Ukipata ufa, nani atajibu?"

"Na nyumba yangu ikipata ufa, nani atajibu?"

Neno lilikuwa limeshamtoka. Aliogopa, akatazama chini. Afisa alicheka.

"Haya, mgeuzieni, asije akasema ameonewa. Lakini mama, jina lisipokuwepo, usinipandie ngazi tena."

"Lipo, bosi. Nimejifunzia kusoma pale."

Wafanyakazi wawili wakafungua skrubu. Mzee aliinuka na fimbo yake. "Polepole, vijana! Shikeni chini. Mlango si sungura, haubebwi kwa masikio." Hata afisa alicheka tena.

Mlango ukageuka.

Nyuma ulikuwa laini kama sahani. Mama Dasta alipitisha kiganja juu, akapitisha katikati, akapiga magoti akatafuta chini. Hakukuwa na herufi hata moja.

"Baba. Maandishi yako wapi?"

"Si niliyaondoa!" Mzee alisema kwa furaha. "Walipokuja kuuchukua, barua ya ofisi ya hapo juu ilisema uje safi, usiwe na jina la mtu, maana sasa ni wa watu wote. Wewe ulikuwa kwa shangazi yako. Nikaupiga randa siku tatu, na msasa juu yake. Ningewapa mlango wenye makovu? Wangesema huyu si fundi." Aliubandika mlango kiganja, akamgeukia afisa. "Pitisha mkono, mwanangu. Hupati hata kibanzi."

Afisa alipitisha mkono. "Kazi safi, mzee," akasema, na alisema kweli.

"Umemsikia!" Mama Dasta alimshika afisa mkono wa shati. "Ndiye fundi! Barua imetoka kwenu!"

"Nimesikia, mama. Lakini sikio langu si hati." Aliuondoa mkono wake taratibu, akaweka kikombe juu ya benchi, akaandika kwenye fomu: Ushahidi, hakuna.

"Hati ya nini?" mzee aliuliza, akiwatazama mmoja mmoja. "Mwanangu, hati ya nini?"

Afisa alichukua chai yake akapanda ngazi.

"Urudisheni upesi, wageni wanaingia saa tano," alisema mkuu wa makumbusho. Kisha akainama, akakunja uso. "Na hapa, Mama Dasta. Mzee ameacha alama."

Mama Dasta alitoa kitambaa. Akapangusa alama za vidole vya baba yake, vyote vitano, huku mzee akimwonyesha kwa fimbo pale alipopasahau.