Waya Ndani ya Kamba ya Nguo

"Dada, Ijumaa hii ndiyo ya mwisho," mdogo wake alimwambia kwenye simu. "Nikishasoma taarifa ya saa kumi na moja jioni, basi. Nastaafu."

"Nitakusikiliza," fundi cherehani akajibu.

"Si ulisema huko ghorofani redio haishiki?"

"Itashika."

Mdogo wake alikuwa mtangazaji wa kituo cha ng'ambo kilichosikika kwa masafa mafupi pekee. Fundi alipokuwa na nyumba yake alitandaza waya juu ya paa, akawa anampata kila Ijumaa, safi kama yuko chumba cha pili. Miaka miwili iliyopita magoti yalimgomea, bintiye, ambaye ni nesi, akamchukua wakae wote ghorofa ya kumi. Huko zege na nondo zilimeza kila sauti. Redio ilikoroma tu.

Kikwazo kingine kilikuwa msimamizi wa jengo, ambaye wapangaji walimwita Kanuni. Mwaka uliopita dishi la mtu lilichomoka ukutani likatua juu ya gari, na tangu siku hiyo Kanuni hakutaka kuona hata uzi unaning'inia nje. Jumatano asubuhi fundi alimfuata ofisini, akamwomba ruhusa ya waya mmoja mwembamba.

"Mama, nikikuruhusu wewe, wiki ijayo jengo zima litaota ndevu."

Fundi hakubishana. Alirudi juu, akavuta feni mbovu kutoka uvunguni, akaifungua mota na kuanza kuzongoa waya wake wa shaba, mwembamba kama uzi wa kudarizi.

"Mama, hiyo si feni yangu?" bintiye aliuliza aliporudi kazini.

"Ilishakufa."

"Nilikuwa na mpango wa kuipeleka kwa fundi."

"Imefika kwa fundi."

Alikata vipande vya kitambaa cheupe, akavishona kuwa utepe mmoja mrefu, na waya akaupitisha ndani. Ukiutazama, ni kamba ya kuanikia nguo. Roshani ilikuwa fupi, hatua nne tu, kwa hiyo akaizungusha kamba mara tano huku na huku, yote ndani ya ukingo, akaanika juu yake sare za bintiye. Ncha moja akaiingiza sebuleni, akaizungushia kwenye antena ya redio.

Redio ikakoroma vilevile. Hakuna hata tofauti ndogo.

Alhamisi nzima alihangaika. Alihamisha redio, akakaza kamba, akailegeza. Ndipo akakumbuka kwamba waya wa mota hupakwa vanishi inayozuia umeme kupita. Alichukua wembe, akaikwangua ile ncha mpaka shaba ikang'aa. Redio ikaamka, lakini na mlio kama wa nyigu chupani. Fundi alipita swichi moja baada ya nyingine: chaja, friji, taa. Alipozima taa za sebuleni, nyigu akafa.

Ijumaa, dakika tano kabla ya muda, alizima umeme wa nyumba nzima. Redio ilikuwa ya betri. Sauti ya mdogo wake ilikuja kwa mbali, ikizama na kuibuka, na fundi akaegesha sikio.

Mlango ukagongwa. Bintiye, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, akafungua. Aliyegonga alikuwa Kanuni.

"Nimeambiwa kuna waya hapa."

"Kuna kamba," fundi akasema bila kugeuka.

Kanuni alikwenda moja kwa moja mpaka roshani, akaibinya ile kamba kwa vidole. "Mbona kamba hii ina mfupa?" Akaishika kwa mkono mzima ili aivute.

Sauti ikajaa chumbani, kila neno na mahali pake.

"Usiachie!" fundi akapiga kelele.

Kanuni akashtuka, akaachia. Sauti ikazama.

"Shika tena, baba! Hapo hapo!"

Akashika. Sauti ikapanda. Bintiye alijiziba mdomo asicheke.

"Ni nani huyo?" Kanuni akauliza taratibu.

"Mdogo wangu. Leo anaaga."

Kanuni aliutazama mkono wake, akaitazama redio. Alisimama dakika kumi na moja kati ya sare zenye maji, mkono juu, bila hata kubadilisha mguu. Habari za mafuriko zikapita, za mawaziri, za mpira. Kisha mtangazaji akanyamaza kidogo. Msikilizaji mwingine angedhani matangazo yamekatika. Dada mtu alijua pumzi ile. Ndivyo alivyovuta pumzi tangu utotoni, akijizuia kulia.

"Asanteni kwa kunikaribisha majumbani mwenu miaka ishirini na sita."

Muziki ukaingia. Machozi yalikuwa yanamtiririka fundi, naye hakujisumbua kuyafuta. "Hajakosea hata neno moja," alisema.

Kanuni alishusha mkono, akaanza kulikanda bega. "Kamba za nguo zinaruhusiwa," akasema akielekea mlangoni. "Ila isivuke ukingo."

Fundi alipopiga simu, mdogo wake alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Ulinipata?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Kwenye mpira ulikwenda mbio."

Mdogo wake akacheka huku anapenga kamasi. "Sasa Ijumaa zako utazifanyia nini?"

"Nitamsikiliza huyo aliyechukua nafasi yako," fundi akasema, "nione kama kazi anaijua."