Siri Iliyopata Mioyo Elfu Arobaini

Rojo ya pilipili ya Ok-bun, iliyochachushwa mitungini, ilisifika mji mzima wa Sunchang tangu enzi za mama mkwe wake, lakini sifa za mdomo hazivuki milima. Biashara ilipodorora, Sol-bi, binti wa jirani aliyerudi kutoka Seoul na ujuzi wa mitandao, alijitolea kumfungulia ukurasa.

"Mama mdogo, watu wamechoka na matangazo," alimwambia. "Wanataka ukweli. Wewe piga soga zako, mengine niachie."

Basi Ok-bun akapigwa picha akikoroga mitungi huku jasho linamtiririka, akimtukana paka aliyelala juu ya mfuniko. Watu wakacheka, wakaagiza. Tangu mumewe afariki hakuwa na mtu wa kula naye mchana. Sasa alikuwa na Sol-bi, akampenda kama aliyemzaa mwenyewe.

Siku moja ya mvua, wakimenya vitunguu saumu, Ok-bun akafunguka. Miaka sita nyuma, mwanawe Geon-uk alioa mwanamke aliyeachika mwenye mtoto, na Ok-bun akakataa kwenda harusini. Geon-uk hakukanyaga tena nyumbani.

"Nilisema siwezi kupokea mtumba," alikiri. "Sasa kila siku ya kuzaliwa ya Geon-uk napika supu ya mwani kama ilivyo desturi yetu, naiweka mezani, kisha naimwaga."

"Pole, mama mdogo." Sol-bi akamshika mkono.

Wiki iliyofuata mteja asiyemjua alimkumbatia dukani akilia. "Mwanao atarudi tu, mama."

Ok-bun akafungua ukurasa wake kwenye simu. Maneno yake yote yalikuwepo, hata lile la mtumba. Chini yake, mioyo elfu arobaini ya watu waliopendezwa.

Jioni Geon-uk akapiga. "Mama, mtoto ameyasoma maneno yako. Ananiuliza kwa nini mama yake anaitwa mtumba." Akakata.

Sol-bi alipofika, Ok-bun alimsubiri mlangoni.

"Nilikuambia wewe, Sol-bi. Sikuwaambia watu."

"Lakini mama mdogo, kuna uongo gani pale? Tena umeona maagizo yalivyomiminika?"

"Nani aliyekuuliza maagizo? Nilikufungulia moyo, wewe ukaufanya bango!"

Sol-bi akalia, akaomba radhi, akalifuta chapisho mbele yake. Ok-bun akakaa kwenye ngazi, akafunika uso, akalia pia. Akadhani yameisha.

Kesho yake akaiona picha kwenye ukurasa wa Sol-bi mwenyewe: Ok-bun pale ngazini, uso viganjani, amepigwa picha kwa nyuma bila kujua. Chini imeandikwa: "Leo nimejifunza kuomba msamaha." Mioyo ilikuwa inapanda.

Hakupiga kelele. Alikwenda nyumba ya jirani, akamwomba mama yake Sol-bi ufunguo wa duka aliokuwa amempa Sol-bi, akaupokea bila kuketi. Kisha akapanda basi hadi Daejeon, mji alikoishi Geon-uk.

Mlango ulifunguliwa na mkewe Geon-uk. Hawakuwahi kuonana. Ok-bun akainama mpaka mgongo ukamuuma.

"Yule msichana ameninyang'anya siri. Lakini lile neno ni langu. Nililisema mimi."

Mkwewe akaushikilia mlango nusu wazi. "Geon-uk yuko kazini. Na mtoto anakaribia kutoka shule, sitaki akukute hapa."

"Sawa, mwanangu."

"Siku nyingine piga simu kwanza."

Ok-bun hakuwa na namba yake. Mkwewe akaitaja mara moja tu, polepole, kisha akafunga mlango.