Kabla ya Sitaha Kufungwa

Mzee alishika ubao wa mwisho wa sitaha, mwembamba kama njiti ya kiberiti, akaupapasa huku na huku bila kuupaka gundi. Meli yake ya mfano ilikuwa imetanda juu ya meza ya kulia. Hapo ndipo palipokuwa mahali pake tangu alipostaafu useremala wa mapaa, na watu wa nyumba ile walikwishajifunza kula sahani zikiwa mapajani.

"Mama watoto," aliita. "Njoo uwe jicho la pili."

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. Aliujua mwiko ule: Mzee hakufunika kitu kabla mtu mwingine hajachungulia na kutaja kwa sauti alichokiona. Kazi hiyo ilikuwa ya rafiki yake mwashi, lakini mwashi alihamia kwa wanawe, mbali. Na macho ya Mzee yalikuwa yanafifia. Daktari alisema wazi kwamba hayana dawa. Hii ilikuwa meli yake ya mwisho. Wote wawili walilijua hilo, ingawa hakuna aliyelitamka.

Mkewe mwenyewe hakuwahi kutazama ndani ya meli yoyote. Aliapa zamani kwamba siku meli itakapomchemshia chai, ndipo ataitazama.

"Nitaona nini humo, zaidi ya vumbi?"

"Ukiliona vumbi, litaje."

Aliinama, akalaza shavu mezani, akamulika tochi penye pengo.

Loo! Ngamani, chini kabisa, mapipa yalipangwa safu kwa safu, kila moja na pete zake za waya. Vitanda vya kamba vilining'inia kwenye boriti, vingine vimebonyea katikati kana kwamba wenyewe wameamka punde. Palikuwa na meza yenye ukingo, ili vikombe visidondoke bahari ikichafuka. Na chini ya meza, viatu. Nani achongaye viatu vidogo kuliko punje ya mchele, avitie ndani ya meli, kisha afunike? Miaka yote alidhani mumewe anachezea vijiti, kumbe anajenga nyumba ya watu.

"Taja," Mzee alisema.

Akataja mapipa, vitanda, meza. Sauti ilimshuka yenyewe, kama ya mtu aliyeingia chumba chenye waliolala. "Hata viatu, mume wangu! Hata viatu!"

Mzee akacheka kwa furaha. "Na ngazi?"

Hapo ndipo mkewe alipoiona. Ngazi ilikuwa imebanduka, imelala chali juu ya mapipa. Kusema "ipo" kulikuwa rahisi, tena si uongo. Meli ingefungwa, ingepelekwa jumba la maonyesho, na hakuna ambaye angejua mpaka dunia iishe. Akisema kweli, huenda Mzee akabandua sitaha nzima na asiifunge tena kamwe. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wahenga.

Lakini alivitazama tena vile vitanda. Wenyewe watapandaje juu?

"Imeanguka," alisema.

Mzee akaketi polepole. "Basi tena. Mikono ninayo, ila haioni."

"Nani kaiuliza mikono yako? Nipe kibano."

Mzee akamwongoza kwa maneno: ncha za ngazi zipakwe gundi, kichwa kiegemee boriti ya mbele, miguu ikae katikati ya mapipa mawili. Mara ya kwanza ngazi ilimponyoka. Mara ya pili iligonga kitanda, kikabembea, naye akajikuta ananong'ona, "Samahani." Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Hatimaye ngazi ilisimama, naye akaishikilia bila kuvuta pumzi hadi gundi iliposhika.

"Imesimama?"

"Imesimama. Mtu anaweza kupanda."

Mzee alijifuta machozi kwa kiganja, wala hakuyaficha. Kisha akaupaka gundi ule ubao wa mwisho, akaunyoosha mbele, akingoja kushikwa mkono na kuelekezwa kwenye pengo. Mkewe hakumshika. Shavu lake lilikuwa bado mezani, na tochi inawaka.

"Gundi inakauka, mama watoto."

"Iache ikauke, tutapaka nyingine. Kuna taa hapa, karibu na mlingoti. Hukuniambia kama kuna taa."

"Ina utambi," Mzee alisema. "Tazama vizuri."