Ndoo Yenye Alama Nyekundu

Mama alikataza haibiskasi yake isikatwe kwa sababu wathamini wa mgodi walikuwa wameihesabu. Ndivyo alivyosema, na mama yangu Bernadetha akishasema jambo, hata katekista huaga akaenda zake.

Wathamini walipita kijijini kwetu Kewanja mwaka juzi, mgodi ulipotaka kutanua shimo lake mpaka kwetu. Walipiga picha nyumba, ghala na mipera, wakapaka namba kwa rangi nyekundu, wakaonya kwamba mtu asijenge, asipande wala asikate chochote mpaka fidia itoke. Nyumba yetu ilipata namba ukutani. Ndoo ya haibiskasi iliyosimama chini yake ikapata mstari mnene ubavuni. Jirani yetu Kisyeri alikata migomba yake baada ya hapo, na mpaka leo anazungushwa maofisini. Mama aliyaona hayo.

Haibiskasi ile ilikuwa ya baba. Kijiti chake alikitoa Sirari kwa dada yake, akaja nacho kimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Kila mwaka kabla ya masika aliikata bila huruma, nasi tukimcheka kwamba ananyoa maua. Mimi ni msusi mjini, Bomani, na mbele ya saluni yangu nina ndoo zangu za maua, kwa hiyo ukatili huo nimeurithi. Alipofariki, mama akabaki kuimwagilia tu.

Mwaka huu nilipokwenda kumwona kabla ya mvua, nilishikwa na hasira. Mmea ulikuwa umerefuka vibaya, majani machache yamebaki kileleni, wadudu weupe kama pamba wameganda kwenye vikonyo. Mizizi ilikuwa imejaa ndoo mpaka imetokeza juu ya udongo. Ua hata moja halikuwepo.

"Mama, huu unakufa."

"Unakufaje na maji unapata kila siku?"

"Hayo maji ndiyo yanauozesha. Unataka mkasi."

"Wakija wakute umepungua, waseme Bernadetha amevuruga tathmini? Niikose nyumba yote kwa sababu ya ua? Halafu nilale wapi, we Robi, kwenye saluni yako?"

"Ngojangoja huumiza matumbo, mama."

"Basi liumie la kwangu."

Nilichuchumaa nikakwangua gome la tawi refu kwa ukucha. Ndani kulikuwa kukavu, rangi ya kahawia. Nikakwangua chini yake, kukavu. Tawi la pili, vilevile. Mama akaja akainama juu yangu. Nikakwangua karibu kabisa na shina, na hapo ikatokea rangi ya kijani, mbichi.

Mama akaigusa kwa kidole. "Bado upo," akasema.

Alitazama namba iliyokuwa ukutani. Nyumba hiyo aliijenga yeye na baba, na fidia yake ndiyo ingempa nyumba nyingine. Nilimwonea huruma, lakini sikumsaidia kuamua.

"Lete huo mkasi," akasema. "Nitakata mimi. Wakiuliza, mkono ni wangu."

Nikautoa mkasi mkobani, nikaupangusa kwa spiriti, nikamwonyesha mahali: juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapotokea, linalotazama nje, mshazari, ili maji yasituame. Tawi la kwanza alilikata ncha tu. La pili akalikata karibu na shina, na mwishowe ikabidi nimzuie. Tukautoa mmea, tukapunguza mizizi iliyojizungusha, tukatia udongo mpya na samadi iliyokaa, tukawaosha wale wadudu kwa maji ya sabuni. Ndoo akairudisha palepale, alama ikiwa mbele.

Mvua zilipokolea nilirudi, na siku hiyo hiyo akaja kijana wa tathmini kuhakiki. Alimwamkia mama shikamoo. Mama hakuitikia. Alikwenda kusimama mbele ya ndoo.

"Nimekata mimi, mura, kijana wangu. Huyu binti hayumo. Niandike mimi."

"Umekata nini, mama?"

"Hii mliyoiwekea alama."

Kijana akainama, akatazama ndoo, akatazama ukuta. "Hiyo? Hiyo ni rangi ilidondoka tulipoandika namba ya nyumba. Maua ya kwenye ndoo hatuyahesabu, mama. Si unaondoka nayo?"

Kuuliza si ujinga, watu husema, nasi kwa miaka miwili, pamoja na mdomo wangu wote, hatukuwa tumeuliza. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama hakucheka. Kijana alipokwisha kwenda, mama alikaa chini kando ya ndoo. Machipukizi yalikuwa yametoka kila mahali alipokata.

"Nyumba wataichukua," akasema. "Mipera wataichukua. Huu wa baba yako naondoka nao."

Akafuta machozi kwa kanga, akaivuta ndoo mbali na ukuta, akaanza kuikwangua ile rangi kwa ukucha.