Mlima wa Kupapasa

Katika karakana ya makumbusho yetu, tunakotengeneza vitu vya kuguswa na wageni wasioona, tuna desturi moja: kazi haitoki mlangoni kabla mtu hajafumba macho na kuipapasa. Ndiyo maana niliumia mkuu wetu aliposimama mbele ya mlima wangu wa plasta akiwa amekodoa macho yote mawili.

Tunamwita Mzee Rula, maana rula ya chuma haibanduki mfukoni mwake. Aliichomoa, akaisimamisha kando ya plasta, akatikisa kichwa.

"Binti yangu, hii ni volkano au mto wa kulalia uliokaliwa?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilifuta vumbi mezani, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nitoke chuoni: volkano ya sayari ya Mirihi, iliyozimika zamani mno, ndefu mara mbili na zaidi kuliko mlima wowote wa duniani. Lakini ni pana kupita kiasi. Nilipoipunguza ienee kwenye meza yetu kubwa, kimo chake hakikufikia upana wa kiganja. Mzee Rula alitaka niichongoe kama milima ya vitabu vya watoto, kwa kuwa mgeni akiahidiwa mlima mkubwa anataka mlima kweli. Nisipokubali, alisema, wangeivunja na seremala angechonga nyingine ya mbao.

Mimi si mtu wa maneno. Hata kikaoni hujibanza nyuma ya kabati la rangi. Nilichoweza ni kumwomba awangoje wasioona wanaotujaribia kazi, ambao wangefika asubuhi ileile. Alijua mmoja wao ni baba yangu. Akasema haya, tumngoje baba mtu, ingawa hajawahi kuona baba anayemkosoa mwanawe mbele za watu.

Baba aliendesha malori ya safari ndefu hadi macho yalipomwishia. Alipofika nilimwekea mkono ukingoni mwa meza, nisimwambie kitu. Vidole vyake viligonga genge, ukuta wa mwamba unaoizunguka volkano chini, vikalikwea, vikaanza kwenda. Vikaenda. Mkono uliponyooka wote, ikabidi aegemeze tumbo mezani. Rula ya mzee, iliyokuwa ikigongagonga kiganja chake, ilinyamaza.

"Tambarare hii inanipeleka wapi?" baba aliuliza.

"Endelea tu, baba."

Akaendelea. Mara vidole vikatumbukia katika shimo la kileleni, pale moto ulipokuwa ukitokea enzi hizo. Akaurudisha mkono haraka, kisha akautumbukiza tena, taratibu, akiuzungusha ukingoni. Akacheka hadi mabega yakatikisika.

"Kumbe nilikuwa napanda," alisema. "Nimepanda mlima mzima bila kujua."

Nikamwambia kwamba hata mtu aliyesimama juu yake kule Mirihi asingejua, kwani mlima ungejaza macho yake hadi upeo na asingeona unapoanzia. Nilishangaa kusikia sauti yangu imefika hadi dirishani. Kwa kuwa ilikwisha kutoka, sikuirudisha. Nikamgeukia mkuu wangu.

"Mzee, na wewe fumba macho. Ndiyo desturi yetu."

Alinitazama kana kwamba kabati la rangi ndilo lililosema. Kisha akafumba. Mkono wake ulipanda genge, ukatambaa, ukatambaa tena, na ulipotumbukia midomo yake ikaachana kama ya mtoto. Akafumbua macho. Akairudisha rula mfukoni.

"Leteni toroli," aliwaambia wenzangu. "Huu unatoka kama ulivyo."

Walipokuwa wakiufunika kwa blanketi, baba alinishika kiwiko, akauliza kwa sauti ya kondakta anayeita abiria ni nani aliyeutengeneza mlima ule. Alijua fika.

"Mimi, baba," nilinong'ona.

"Hawajakusikia."

Nikavuta pumzi. Toroli lilikuwa limeshafika mlangoni, na wote wakageuka.

"Mimi," nilisema. "Nimeutengeneza mimi."